Xabi Alonso na Pasi ya Kabla ya Pasi

Hotuba kwa makocha wa timu za vijana

Ndugu makocha, ndugu waamuzi, wazazi mliowaleta vijana, na nyinyi vijana mliojibana huko nyuma karibu na mlango: asanteni kwa kuja.

Kiswahili kimemtendea haki mchezaji wa katikati. Tunamwita kiungo. Neno hilohilo ni goti na kiwiko, na hilohilo tena ni iliki, mdalasini na bizari nyembamba. Mtu akila pilau husifu nyama, husifu wali ulivyochambuka, bizari haitajwi. Ila siku mpishi akiisahau, hata mtoto atauliza hiki ni chakula gani. Mada ya leo ni umaarufu wa Xabi Alonso, kiungo wa Hispania aliyegeuka kocha, na naanzia kwenye bizari kwa sababu umaarufu wake ulikua kwa njia hiyo. Wengi walimjua vizuri alipokosekana.

Ukiangalia magoli tu, huwezi kuuelewa umaarufu huu. Ameichezea timu ya taifa mechi 114 na kufunga mabao 16. Hakuwa na mbio wala chenga za kumwacha beki amekaa chini. Alizaliwa Tolosa, Nchi ya Basque, tarehe 25 Novemba 1981, mtoto wa Periko Alonso, kiungo aliyechezea Real Sociedad na Barcelona. Alipopandishwa Real Sociedad alipelekwa kwanza Eibar kwa mkopo, daraja la pili, kisha kocha John Toshack akamrudisha na kumvisha kitambaa cha unahodha akiwa na miaka 19. Msimu wa 2002-03 Sociedad walimaliza pointi 2 tu nyuma ya Real Madrid. Mwaka 2004 akanunuliwa na Liverpool, na Mei 2005 akawa mmoja wa waliorudisha mabao matatu ya AC Milan kule Istanbul, fainali ya Ligi ya Mabingwa: penalti yake ilipanguliwa na kipa Dida, akaufuata mpira uliorudi na kuupiga ukatinga ndani, juu kwenye nyavu.

Bao la Istanbul mnalijua wote. Hesabu za miaka minne baadaye hazitajwi sana, na ndizo zinazotufaa leo. Kiangazi cha 2008 kocha wa Liverpool, Rafael Benítez, alimtaka Gareth Barry wa Aston Villa, na ili kupata fedha alikuwa tayari kumuuza Alonso. Kwenye mechi ya kirafiki dhidi ya Lazio, mashabiki wa Anfield, uwanja wa Liverpool, waliimba jina la Alonso ili kocha asikie. Barry hakuja. Alonso akabaki, akacheza pengine msimu wake bora, na Liverpool wakamaliza wa pili kwa pointi 86, wamepoteza mechi 2 tu za ligi. Agosti 2009 akaenda Real Madrid. Nahodha Gerrard alibaki, mshambuliaji Torres alibaki, kocha ni yuleyule. Liverpool wakamaliza wa saba kwa pointi 63 na kupoteza mechi 11. Sisemi sababu ni mtu mmoja. Torres aliumia mara kwa mara, klabu ililemewa na madeni ya wamiliki wake, na Alberto Aquilani aliyesajiliwa msimu huo alifika akiwa majeruhi. Lakini muulize shabiki wa Liverpool wa rika lile, atakutajia jina moja kabla hujamaliza swali.

Alikuwa anafanya nini hasa? Alikuwa anapiga pasi ya kabla ya pasi. Bao likifungwa tunamtaja mfungaji na aliyetoa pasi ya mwisho. Rudisha picha nyuma hatua mbili: yupo mtu aliyeuhamisha mpira kutoka upande uliojaa watu hadi upande wenye nafasi, na huyo hayumo kwenye takwimu za kawaida. Ndiyo kazi ya Alonso, na inafundishika. Naomba nikae hapa kidogo, maana ndipo penye faida kwenu.

Kwanza macho. Kiungo wa namna hii hutazama kabla mpira haujamfikia, si baada. Hugeuza shingo kulia na kushoto mpira ukiwa bado njiani, ili ukigusa mguu wake awe ameshaamua. Kulifundisha hili hakuhitaji vifaa. Simama mita 10 nyuma ya kijana anayepokea pasi, inua vidole, na sharti lake ni kutaja idadi kwa sauti kabla hajaugusa mpira. Badilisha vidole kila pasi. Wiki ya kwanza wengi watataja baada ya kuugusa, na wengine watageuza shingo bila kuona chochote, shingo ya maonyesho tu. Hao utawabaini kwa sababu watakosea idadi.

Pili mwili. Apokee akiwa amesimama ubavu, mabega yamefunguka, ili goli lake na goli la wapinzani yote yawe pembeni mwa macho yake. Mpira uupokee mguu wa mbali, yaani ule ulio upande anaotaka kwenda. Akipokea kifua kikitazama aliyempa pasi, hana pa kupeleka isipokuwa kurudisha kulekule. Na hapa kosa mara nyingi si la mpokeaji, ni la aliyetuma, maana pasi imekwenda kwenye mguu usio wake. Ukimzomea mpokeaji umemwonea. Sema na mtumaji: mguu upi, na kasi gani.

Tatu ule mpira mrefu wa kukata uwanja, uliompa jina hata kwa wasiojua mpira. Hatua mbili au tatu za kuusogelea, kwa mshazari. Mguu wa kuegemea utue kando ya mpira, nyuma kidogo, vidole vikielekea unakotaka uende. Pigo lipigwe na ule mfupa wa juu ya mguu, upande wa kidole gumba, chini kidogo ya katikati ya mpira, kifundo kimekazwa. Mguu wa kuegemea ukipita mbele ya mpira, mpira hauinuki, unamgonga kiungo wa wapinzani tumboni. Ukibaki nyuma mno, mwili unalala na mpira unapaa kama umepigwa na kipa. Kifundo kikilegea, mpira unaelea na kuzunguka, beki anapata muda wa kutosha kufika na hata kufunga kamba zake za viatu. Wa miaka 15 hadi 17 wawekeeni koni kwa mita 35. Walio chini ya miaka 13 msizidishe mita 20. Mipira 10 kwa kila mguu, pumziko, kisha 10 tena. Zaidi ya hapo kwa siku moja mnatafuta maumivu ya kinena.

Macho hayohayo ndiyo yaliyomfungia mabao mawili kutoka nusu yake ya uwanja. La kwanza dhidi ya Luton, Januari 2006 kwenye Kombe la FA: kipa wa Luton alikuwa amepanda kutafuta bao, goli tupu. Shabiki mmoja wa Liverpool alikuwa ameweka dau la pauni 200 kwamba Alonso atafunga bao la namna hiyo msimu ule, akaondoka na pauni 25,000. La pili dhidi ya Newcastle, Septemba mwaka huohuo. Watu waliita bahati. Mtu akirudia bahati ileile ndani ya miezi tisa, basi anajua kipa amesimama wapi.

Kuna jambo jingine lililompendezesha kwa wajuzi na kuwakera wengine. Katika mahojiano na gazeti la Kiingereza mwaka 2011 alieleza kuwa alishangaa kusoma vijana wa Liverpool wakijisifia umahiri wa kuteleza miguuni kupora mpira. Kwake kuteleza ni dawa ya mwisho, kitu unachofanya ukiwa umeshachelewa. Nakubaliana naye, ingawa najua hapa ukumbini wapo mabeki wastaafu wanaonitazama vibaya. Na asidhaniwe alikuwa mtu wa kukwepa mapambano. Fainali ya Kombe la Dunia 2010, Nigel de Jong alimpiga teke la kifuani, njumu zote. Alonso akaendelea hadi dakika ya 87.

Madrid alishinda ligi ya 2011-12 ya pointi 100, na mwaka 2014 Ligi ya Mabingwa, fainali ambayo hakucheza kwa sababu ya kadi ya njano aliyopewa Munich kwenye nusu fainali. Siku ile ya fainali, mjini Lisbon, alikuwa jukwaani na suti. Mwenzake Bale alipofunga, Alonso aliruka kutoka jukwaani na kukimbilia kando ya uwanja kushangilia. UEFA wakamfungia mechi moja kwa hilo. Bayern Munich walimchukua akiwa na miaka 32, na ndani ya mwezi mmoja, dhidi ya Köln, aliugusa mpira zaidi ya mara 200 kwenye mechi moja. Akachukua ubingwa wa Ujerumani mara tatu mfululizo, akastaafu 2017.

Sasa ukocha.

Mtu aliyechezeshwa na Benítez, Mourinho, Ancelotti, Guardiola na Del Bosque angeweza kudai timu kubwa siku ya pili. Alonso alianza 2018 na watoto wa Real Madrid walio chini ya miaka 14. Mwaka 2019 akachukua timu B ya Real Sociedad, akaipandisha daraja la pili 2021, na mwaka uliofuata ikashuka. Makocha wangu, kushuka huku mkuandike. Wasifu mwingi unaomsifu unakuruka.

Tarehe 5 Oktoba 2022 Bayer Leverkusen walimwita wakiwa wa pili kutoka mkiani, pointi 5 kwa mechi 8. Klabu hii ilikuwa imeshika nafasi ya pili mara tano bila kuchukua ubingwa, hadi Wajerumani wakaibatiza Vizekusen, yaani makamu bingwa wa kudumu. Mechi yake ya kwanza waliifunga Schalke 4-0, msimu wakamaliza wa sita. Uliofuata, 2023-24, walicheza mechi 34 za ligi bila kupoteza hata moja: ushindi 28, sare 6, pointi 90, mabao 89 waliyofunga na 24 waliyofungwa. Bayern walikuwa wamechukua taji hilo miaka 11 mfululizo. Ubingwa ulikamilika tarehe 14 Aprili 2024 kwa kuifunga Werder Bremen 5-0.

Mfumo ulikuwa 3-4-2-1, lakini namba hizo hazimwambii mtu kitu. Jonathan Tah katikati ya mabeki watatu, Kossounou kulia kwake, Tapsoba kushoto. Pembeni Frimpong na Grimaldo, nao hawakucheza sawa: Frimpong alipanda hadi mstari wa mwisho kama winga, Grimaldo akajiingiza ndani kama kiungo wa ziada. Chini ya katikati Granit Xhaka na Palacios, juu yao Wirtz na Hofmann, mbele Boniface. Wale wanne wa kati walisimama kama kona nne za kitanda, karibukaribu, na kupasiana mita 8 hadi 12. Pasi hizo fupi hazikuwa urembo. Zilikuwa chambo. Wapinzani wakisogea kuzipora, upande wa pili unabaki mtupu, na hapo mpira unahamishwa. Tazama Xhaka wa msimu ule utamwona Alonso wa 2009 mwenye mguu wa kushoto.

Nimewaona wengi wakiiga mfumo huu kwenye timu za mitaa na kuambulia vipigo, na makosa ni yaleyale. Viungo wawili wa chini wanasimama mstari mmoja, kwa hiyo mtu mmoja wa kukaba anawafunika wote wawili. Mmoja awe mbele ya mwenzake kwa mita 5 au zaidi. Au wale wawili wa juu wanarudi chini kwa pamoja kuomba mpira, na mbele anabaki straika peke yake kama mlinzi wa usiku. Akishuka mmoja, mwingine abaki. Halafu lipo la mabeki wa pembeni, wa kulia na wa kushoto, kupanda kwa wakati mmoja bila kiungo wa kuziba. Mpira ukipotea hapo, mabeki watatu wana uwanja mzima wa kulinda.

Januari 2024 kulikuwa na AFCON kule Ivory Coast. Leverkusen waliwatoa Kossounou kwa wenyeji, Tapsoba kwa Burkina Faso, na Amine Adli kwa Morocco, hao hao waliokuwa kundi moja na Taifa Stars na kutufunga 3-0. Tarehe 10 Februari, siku moja kabla Ivory Coast hawajacheza fainali na kutwaa kombe, Leverkusen waliifunga Bayern 3-0. Bao la kwanza lilifungwa na Josip Stanišić, mchezaji aliyekuwa pale kwa mkopo kutoka Bayern yenyewe. Kama timu inamtegemea mtu, itayumba akiondoka. Hii ilitegemea mahali pa kusimama, na aliyeingia alipakuta.

Mashabiki walichopenda zaidi, nadhani, ni dakika za mwisho. Palacios dhidi ya Augsburg, Hincapié dhidi ya Leipzig, Schick mara mbili dhidi ya Qarabağ, Stanišić dakika ya 97 dhidi ya Dortmund na tena dakika ya 97 dhidi ya Roma. Wengine waliita uchawi. Tazameni mechi hizo tena: dakika ya 90 imepita na timu bado inapiga pasi fupi, bado inahamisha upande, haijaanza kurusha mipira mirefu ya kubahatisha. Mpinzani aliyekimbizwa kulia na kushoto dakika 90 ana miguu mizito, na pasi ileile aliyoizuia dakika ya 30 sasa inampita.

Tarehe 29 Machi 2024, Liverpool na Bayern zote zikitafuta kocha na jina lake likiwa midomoni mwa kila mtu, Alonso alitangaza kubaki Leverkusen. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Huyu, kwa msimu ule, hakulitia. Hapo umaarufu wake ukavuka mipaka ya klabu, maana watu wamezoea kuona kocha akikimbilia ofa ya kwanza.

Timu ilifungwa mara moja tu msimu mzima, na mechi hiyo ina somo kuliko zile 52 nyingine. Dublin, 22 Mei 2024, fainali ya Ligi ya Europa, Atalanta 3, Leverkusen 0, yote ya Ademola Lookman. Kocha wa Atalanta, Gasperini, alimkabidhi kila mchezaji wake mtu wa kumkaba uwanja mzima, mmoja kwa mmoja. Chambo kikakosa samaki: pasi fupi hazikumvuta mtu, kwa sababu kila mtu alikuwa ameshavutwa kwa mtu wake na hakuna aliyeacha nafasi. Dawa ya ukabaji wa aina hiyo ni mchezaji wa kumshinda mkabaji wake kwa chenga au mbio, au mpira wa moja kwa moja kwa straika. Siku ile hawakupata hata kimoja. Siku tatu baadaye, wakiwa kumi, walichukua Kombe la Ujerumani kwa bao la Xhaka dhidi ya Kaiserslautern.

Real Madrid walimtangaza Mei 2025. Huko umaarufu haukumsaidia, na wanaompenda wasilipite hili haraka. Alikuta kikosi cha watu wa pasi ya mwisho, kila mmoja na jina lake mgongoni. Kazi ya pasi ya kabla ya pasi, na ya kukaba mara mpira unapopotea, ilikosa wa kuifanya, kwa kuwa Toni Kroos alikuwa amestaafu mwaka mmoja kabla na Luka Modrić aliondoka kiangazi kilekile. Walifungwa na Atlético 5-2 Septemba. Oktoba 26 waliifunga Barcelona 2-1, lakini picha iliyobaki ni mshambuliaji wao Vinícius akitolewa dakika ya 72 na kupita moja kwa moja kuelekea vyumbani kwa hasira. Tarehe 12 Januari 2026, siku moja baada ya kufungwa na Barcelona 3-2 fainali ya Super Cup ya Hispania mjini Jeddah, waliachana. Leverkusen alipewa timu iliyokuwa karibu na mkia, na wachezaji wa timu ya namna hiyo humsikiliza kocha. Madrid alipaswa kumwomba bingwa wa Ulaya akimbie nyuma.

Nimalizie na usiku mmoja, 5 Novemba 2024, Leverkusen walipokwenda Anfield kwenye Ligi ya Mabingwa. Miaka 15 ilikuwa imepita tangu aondoke, na uwanja ulimpokea kwa makofi kama mtoto wa nyumbani aliyerudi sikukuu. Kipindi cha kwanza 0-0. Cha pili Liverpool wakafunga manne, Luis Díaz matatu na Gakpo moja. Lile la kwanza, dakika ya 61, lilitokana na kiungo wa kati, Curtis Jones, mtoto wa mjini humo, aliyepenyeza mpira katikati ya mabeki wa Alonso. Leo usiku mkiwa na intaneti litafuteni, lakini msianzie kwa Díaz. Rudisheni picha hadi kabla mpira haujamfikia Jones, mtazame shingo yake.

Asanteni. Maswali tutayachukua nje uwanjani, na kila mwenye swali aje na mpira wake.